Daftari ya Nyota Mbili: Kiriaini Mpaka Naro Moru na Kurudi

Nilitoka Kiriaini juu ya maneno ya hedimasta. Wengi wenu mlisikia ati nilimtukana ofisini kwake, na kila mtu akaongeza chumvi yake. Sikumtukana. Nilimwambia tu akili yake ni ya kuhesabu madawati, nikatoka kabla hajapata jibu.

Alikuwa ameniita nimtengenezee redio ya shule. Nikiwa nimeifungua nyuma, akasema pole pole, kama mtu anaongea juu ya mvua, ati ile banda ya darubini ya Mwalimu Wanjala itabomolewa Ijumaa. Jumamosi kuna harambee na wapishi wanataka kuni.

"Na Mwalimu mwenyewe anastaafu," akasema. "Hiyo darubini aende nayo kwao Bungoma. Miaka kumi na mbili anapima nyota mbili. Mbili, Ndiritu. Hata ng'ombe, mtu akiwa nazo mbili, anahesabu mara moja anamaliza."

Walimu wawili waliokuwa hapo wakacheka. Hiyo kicheko ndiyo ilinitoa nyumbani.

Kwa wale hawamjui: Mwalimu Wanjala alikuja kutoka magharibi kufundisha hesabu, bila mke bila jamaa hapa, na kwa nusu ya mshahara wake wa kwanza akanunua vioo vya darubini. Mimi shule niliacha darasa la saba. Vile ninajua redio, saa, na hata hii kuandika, nilijua kwa vitabu vyake na kwa kufungua vitu vya watu nikiomba Mungu vifungike. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini sikuendelea. Alinipa kitabu, nikirudisha ananipa ingine. Mtu kama huyo ukimcheka mbele yangu, usishangae.

Kazi yake ilikuwa hii. Kuna nyota kubwa upande wa kusini, karibu na ule Msalaba wa nyota, inaitwa Alfa Sentauri. Kwa macho ni moja. Kwa darubini ni mbili, na hizo mbili zinazungukana, mzunguko mmoja miaka kama themanini. Hakuna jua zingine macho yanaona ziko karibu na sisi kushinda hizo. Ukipima umbali kati yao mwaka baada ya mwaka unaanza kuona njia yao, na ukijua njia unaweza kujua uzito wao. Kupima jua mbili bila mizani. Mwalimu akiniambia hivyo mara ya kwanza nilikosa usingizi.

Alichukua kile chombo cha gereji cha kupima unene wa chuma, kile cha kuzungusha, akafunga kwa darubini. Nyuzi mbili za kupimia tulitoa kwa buibui wa miti ya kahawa, hakuna uzi ingine mwembamba hivyo. Yeye anaweka jicho, anazungusha skrubu mpaka kila uzi unakaa juu ya nyota yake, anaita raundi za skrubu na mistari ya kipimo: "Raundi saba, mistari kumi na nane." Mimi ninaandika. Mara kumi kila usiku, halafu tunajumlisha na kugawanya kwa kumi.

Na sikuwa naandika kwa karatasi. Umande wa Kiriaini mnaujua, karatasi inakuwa uji. Nilikuwa naandika kwa ukuta wa banda, zile mbao za ofukati, mabaki ya kupasua magogo, na penseli ya seremala, herufi kubwa kwa sababu ya giza. Kesho yake mchana ninanakili kwa daftari na wino. Kumbukeni hizo mbao.

Tata yangu, shangazi wa Chaka, alikuwa amenituma habari ati juu ya Naro Moru kuna watu wa chuo wamekuja na kamera ya kupiga picha nyota, anawauzia viazi. Nikawaza: wakiona hiyo daftari, wakiandika barua yenye muhuri, hedimasta atagusa banda aje?

Nilienda kwa Mwalimu Jumatano jioni kuomba daftari. Alikuwa anasahihisha mitihani, kitabu amekishika mbali na uso kama kinanuka.

"Nenda kama unaenda," akasema. "Lakini usipigane na mtu." Akafungua kurasa za mwisho, akazifunga. "Hizi za nyuma ni sawa. Hizi za juzi juzi, Ndiritu, mimi sina uhakika nazo."

"Ziko sawa, Mwalimu," nikasema. "Si mimi ndiye niliandika?"

Nilisema hivyo bila kupepesa.

Alhamisi, saa kumi na moja asubuhi, nilipanda lori ya majani chai pale sokoni, juu ya magunia matupu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Daftari ilikuwa ndani ya shati, imefungwa kwa karatasi ya nailoni ya mbolea. Othaya tulipita watu wakipanga foleni ya maziwa. Saa tatu nilikuwa Nyeri mjini. Dereva aliuliza ninabeba nini kifuani kama mtu ameiba kuku.

"Nyota," nikasema.

"Zimeiva?" akauliza, akaenda zake.

Chaka nilifika saa sita, juu ya trekta ya mtu wa ngano. Huko Kieni, upande wote wa Chaka, ni nchi ingine kabisa. Upepo hauna kitu ya kuuzuia, ardhi ni sawa kama meza, na mlima unakaa karibu mpaka unaona umekuja kukusalimia. Tata Wangari alikuwa sokoni, amekalia gunia lake la viazi. Hakuniacha niongee kabla nimekula.

"Umepigana na nani?" akauliza.

"Nani amesema nimepigana?"

"Ukija bila kupigana unakujanga na nguo safi."

Nilimwambia yote. Alinisikiza akichagua viazi, vibovu huku, vizuri huku. Halafu akauliza swali moja tu. "Huyo Mwalimu ndiye alikutuma, ama umejituma?"

"Nimejituma juu yake, Tata."

"Haya. Hiyo ni kazi ngumu zaidi," akasema, akanipa koti ya marehemu mume wake na gunia la viazi nipeleke kwa hao watu wa nyota.

Saa kumi na moja jioni nilifika kambi yao, juu ya Naro Moru, mahali msitu unaanza. Hema mbili, jenereta, na kibanda cha bati chenye paa la kusukuma kando. Nilitarajia mzungu mwenye ndevu. Alitoka mama mmoja wa miaka kama thelathini na tano, amevaa kofia ya sufu na gambuti za matope, akaangalia gunia.

"Wangari amebadilisha punda?" akauliza.

Huyo ndiye alikuwa mkubwa wao. Daktari Nduku, mtu wa Machakos. Alikuwa amesomea hiyo kazi ng'ambo akarudi nayo. Nilimpa daftari kwa mikono miwili na nikaongea, nafikiri, nusu saa bila kupumua. Hakunikatiza. Alifungua ukurasa wa kwanza, akakaa chini juu ya viazi, akasoma. Akageuza. Akageuza.

"Miaka kumi na mbili," akasema. "Na skrubu ya gereji. Ndugu, unajua watu wanalipa pesa ngapi kupata kitu kama hii?"

Nilisikia kifua kikipanuka. Nilitamani hedimasta awe hapo nyuma ya mti.

Giza likiingia walisukuma paa. Daktari akaniita niangalie nyota kwa darubini yao, na sikuamini. Darubini kubwa hivyo, na nyota ilikuwa inatetemeka, inachemka, kama kokoto chini ya maji ya mto.

"Hiyo ni hewa," akasema. "Hewa inacheza. Ukipiga picha ya dakika moja, hizo kucheza zote zinalala juu ya nyingine, unapata uji. Kwa hivyo tunapiga picha fupi sana, fupi kuliko kupepesa, mamia na mamia. Kila moja inakamata nyota kabla hewa haijaisogeza."

Kamera ilikuwa inalia kama cherehani. Filamu ya jana alikuwa ameshaosha. Alinipeleka ndani ya hema akaipitisha kwa taa nyekundu, mwanga wake mwembamba kama sindano, na kwa kitambaa cheupe ikatokea mistari, mwanga na giza, mwanga na giza.

"Hiyo ni jozi imebanana sana, hakuna jicho la mtu linaweza kuitenganisha. Nyota zikikaribiana, mistari inaachana. Zikiachana, mistari inabanana. Tunapima mistari, tunajua nyota."

"Na zetu?"

"Zenu ni pana. Hizo tunaziona wazi kwa kila picha, na tunazitumia kujua kama kipimo chetu chenyewe kinadanganya. Ndiyo maana nataka daftari yako. Kama Mwalimu wako yuko sawa, nitaandika jina lake pamoja na letu."

Nilikaa kwa kisanduku nikakunywa chai yao huku yeye akiweka nukta kwa karatasi ya miraba midogo. Nukta nyekundu zilikuwa zao na za wapimaji wengine wa nchi za kusini. Za bluu zilikuwa za Mwalimu. Zilipanda pamoja, mwaka baada ya mwaka, kama watu wawili wamebeba mzigo mmoja. Nyota zilikuwa zinaachana polepole, na jicho la Mwalimu lilikuwa linazifuata bila kukosa. Daktari alikuwa anaimba chini chini.

Halafu akaacha kuimba.

Nyekundu zilikuwa zimefika juu na kuanza kushuka. Bluu ziliendelea kupanda. Miaka mitatu ya mwisho, kila nukta iko mbali zaidi na wenzake.

"Hapa amepotea," akasema. Hakusema vibaya. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniwasha.

"Mwalimu hapotei," nikasema. "Kamera yenu ndiyo imepotea. Mnakuja hapa na majenereta, wiki mbili, mnataka kumwambia mtu wa miaka kumi na mbili." Na mengine ambayo sitaandika. Nilisimama mpaka kikombe kikaanguka.

Alingoja nimalize. "Hizi nyota zilifika mwisho wa kuachana," akasema. "Sasa zinarudi. Kila mtu anayezipima ameona zinarudi. Yeye peke yake hakuona. Sasa niambie, macho yake ni mazima?"

Nilikaa chini.

Hii ndiyo sehemu sikutaka kuwaandikia. Miaka mitatu iliyopita namba zilianza kushuka. Mistari ishirini na nne, halafu ishirini na moja, halafu kumi na nane. Miaka yote zilikuwa zinapanda, na sasa zinashuka, na wakati huo huo Mwalimu alikuwa ameanza kushika vitabu mbali, watoto wakimcheka. Nikajua macho yake inaisha. Nikaona aibu itampata wapi: kwa daftari. Kwa hivyo kwa mbao niliandika vile aliita, lakini kwa daftari, mchana, nikiwa peke yangu, niliongeza. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Nilikuwa namfunika, kama vile unaweza kumfunika mzazi amelala vibaya.

Nilimwambia Daktari hivyo hivyo. Aliweka kidole kwa nukta za mwisho za bluu.

"Kwa hivyo aliona," akasema.

"Aliona."

"Na wewe ukafuta."

Niliokota kikombe kilichoanguka.

"Zile za kweli ziko wapi?"

"Kwa ukuta wa banda," nikasema, na wakati huo ndipo nilikumbuka kuni za hedimasta.

Ijumaa nilishuka kwa miguu kabla jua. Daktari alikuwa amenipa barua, imefungwa, jina la Mwalimu juu. "Namba zikipatikana nitaziandika. Zisipopatikana, miaka tisa ya kwanza bado ni nzuri," alisema. "Lakini mwambie wewe mwenyewe. Mimi sijaandika hiyo ndani."

Njiani siku hiyo hakuna kitu nilikiona. Mlima ulikuwa wazi kabisa nyuma yangu na sikugeuka. Chaka, Tata alinitafutia lori ya viazi inaenda Nyeri, akaniangalia usoni, akaniambia nibaki na koti. Nyeri nilingoja lori ya kurudi viwanda vya chai mpaka nikagombana na turnboi, msaidizi wa dereva, ambaye hakuwa amenikosea kitu. Nilimwomba msamaha tukifika Othaya. Alishtuka zaidi ya vile alishtuka nikimtukana.

Kiriaini, saa kumi jioni. Kutoka barabarani niliona banda haina ukuta. Miti minne imesimama, mabati juu, na darubini katikati imefunikwa na gunia, kama mtu ameachwa kwa mvua. Nilikimbia jikoni.

Mama Wambui, yule mpishi wa shule, alikuwa na sufuria tatu motoni. Mbao zilikuwa zimepangwa kando, zimekatwa vipande.

"Toa hiyo," nikasema. "Toa kwa moto."

"Nitoe niivishe maharagwe na mdomo wako?"

"Mama Wambui, tafadhali. Hizo mbao zimeandikwa."

"Nimeona. Nikasema ni watoto." Lakini alinisoma uso, akachukua koleo akavuta vipande viwili nje, vikitoa moshi. "Hizi za chini zimeenda tangu saa nane, kijana. Hizo sitakudanganya."

Nilipiga magoti nikaanza kupanga vipande kwa nyasi, kutafuta tarehe. Mwaka wa juzi, upo. Mwaka jana, upo, kona moja imeungua. Ule wa kwanza kati ya hiyo mitatu, ulikuwa majivu. Nilikuwa naunganisha vipande kama mtoto na sahani imevunjika wakati niliona viatu vya Mwalimu.

"Umepigana na nani?" akauliza.

Nikamwambia. Nikiwa bado nimepiga magoti, Mama Wambui anasikia, watoto wawili wa kuteka maji wanasikia. Nilimwambia namba zilikuwa zinashuka kweli, nyota zinarudi, kila mtu ameona zinarudi, na yeye aliona kabla ya wengi. Na mimi ndiye niliandika uongo kwa daftari.

Alichukua kipande kimoja, akakishika mbali na uso. Raundi saba, mistari kumi na nane. Mwandiko wangu.

"Mimi nilikuwa nakumbuka kumi na nane," akasema polepole. "Kesho yake jioni ninafungua daftari, ninaona ishirini na saba. Nikasema, huyu kijana hakosei. Ni mimi." Akaweka kipande chini vizuri, kama kitu kinaweza kuvunjika. "Nikasema macho yameisha, labda na kichwa. Mtu ambaye hawezi kusoma skrubu hawezi kufundisha hesabu. Nikaandika barua ya kustaafu."

Sufuria ilikuwa inachemka.

"Mwalimu, tunaweza kuirudisha hiyo barua. Mimi naweza kwenda wizarani Nairobi mwenyewe..."

"Ndiritu. Umeshanisaidia vya kutosha."

Alisema bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira, hiyo ninaijua.

Akafungua barua ya Daktari niliyompa, akaisoma amesimama, akaikunja akaweka mfuko wa shati. Halafu akauliza Mama Wambui kama anaweza kubadilisha hizo mbao na kuni ingine kutoka nyumbani kwa Mwalimu. Tulibeba pamoja, safari nne. Hedimasta alitupita na kikombe cha chai mkononi, akauliza kama tunahama. Mwalimu akamwambia ndiyo, mbao zinahama. Mimi nilifunga mdomo, na wale mnanijua mtajua hiyo ilinigharimu nini.

Saa mbili usiku mawingu yalifunguka. Nilikuwa nimekaa nje kwa Mwalimu, nikipangusa penseli ya seremala kwa koti ya Tata kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono. Akatoka na skafu yake.

"Kuja," akasema.

Banda bila ukuta ni baridi sana. Alitoa gunia, akaelekeza darubini kusini, juu ya taa za sokoni. Nikashika mbao moja safi na penseli, mahali pangu pa siku zote. Akaninyang'anya penseli.

"Leo wewe utaona. Mimi nitaandika."

"Mwalimu, mimi sijawahi kupima."

"Mwezi wa nane ninaenda, darubini inabaki. Nani atapima?"

Niliweka jicho. Zilikuwa hapo, moja kubwa ya manjano, moja ndogo yake, zikitetemeka kidogo tu. Nilizungusha skrubu. Uzi wa kwanza, uzi wa pili. Nilizungusha mbele, nikarudi nyuma, nikaenda mbele tena. Nilijua Daktari angetaka ngapi. Nilijua ingefaa iwe chini ya kumi na nane ya mwaka jana, na yangu ilikuwa imekuja juu kidogo.

"Ngapi?" akauliza gizani.

"Ngoja, nafikiri nimekosea, hii ni mkono wangu, wacha nirekebishe..."

"Umeona ngapi?"

"Raundi saba, mistari kumi na tisa. Lakini Mwalimu..."

Nilisikia penseli ikitembea kwa mbao, herufi kubwa, bila haraka.

"Kumi na tisa," akasema. "Ya pili."